Marehemu Ameketi Meza ya Nne

Kwa wale ambao wiki iliyopita gazeti liliwapita mkononi, habari kwa ufupi ni hii: nilimuua mama yangu ili nipate kazi.

Sikumgusa hata ukucha. Nilimuua kwa mdomo, nimekaa kwenye kiti kisicho na mgongo, mbele ya bwana mmoja mwenye aproni nyeusi ambaye ukimwita mpishi ananuna. Anataka aitwe Mbunifu. Mimi nilikuwa na miezi saba sina kazi tangu lile balaa la tanuru la mikate lililonifukuzisha kazi, na yeye alikuwa anatafuta watu. Hakuniuliza kama najua kukaanga kitunguu. Aliniuliza nani amekufa kwetu.

"Baba," nikasema. "Ila nilikuwa na miaka miwili."

"Basi humkumbuki. Haitusaidii. Mama je?"

Mama alikuwa mzima wa afya nyumbani kwake, safari ya nusu siku kutoka hapo, pengine dakika ile ile akigombana na muuza maziwa. Nikaitazama kalamu ya Mbunifu. Ilikuwa imesimama hewani, inasubiri.

"Ndiyo," nikasema. "Mama naye."

Kalamu ikashuka, kazi nikaipata.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana kuna watu wananiandikia wakidhani nachoma kuku. Kwenye mkahawa wetu mgeni hachagui chakula. Anakaa, analetewa sahani kumi na moja, moja baada ya nyingine, na anaondoka na njaa yake ikiwa salama. Kila sahani ni kumbukumbu ya mpishi mmoja, na sharti la Mbunifu ni kwamba mwenye kumbukumbu aibebe mwenyewe mpaka mezani, asimame wima, aisimulie.

Ndiyo maana jikoni kwetu kila mtu ana marehemu wake. Jamaa yangu anayetengeneza mapovu amemzamisha babu yake ziwani zaidi ya mara mia tatu. Babu mwenyewe yuko hai, anacheza karata kila jioni.

Yangu ni sahani ya saba. Inaitwa Kijiko cha Mwisho. Ni supu ya viazi ya mama, ile aliyokuwa akitupikia tukiugua, isipokuwa mama alikuwa anaipakua kwa upawa na sisi tunaipakua kwa kichupa cha dawa ya macho. Matone matatu kwenye kijiko, kijiko juu ya leso nyeupe. Leso ni ya kulilia.

Na watu wanalia! Nimewaona wanaume wazima wenye vitambi wakijifuta machozi kwa ajili ya mama yangu, ambaye asubuhi hiyo hiyo ametoka kunitumia ujumbe akiuliza kama nakula vizuri.

Basi, Jumapili mchana, msimamizi wa ukumbi akatokea jikoni. Huyu mwanamke sijawahi kumwona akitembea. Unageuka tu, yupo.

"Leo mnyooke," akasema. "Meza ya tano kuna Miwani."

Miwani ni mwandishi wa gazeti, anavaa miwani nyekundu, na kazi yake ni kula na kuponda. Mkahawa ukipondwa naye, mwaka haugeuki, unakuta pale pale wanauza viatu.

"Na meza ya nne," akaendelea, "kuna mama mmoja na binti yake. Binti kapewa chakula hiki ofisini kwao, zawadi ya mfanyakazi bora. Anasema ana ndugu yake huku jikoni na wanataka kumshtukiza. Kwa hiyo msimwambie."

"Sasa mbona unatuambia?" akauliza mtu wa mapovu.

"Kwa sababu sijui ni ndugu wa nani kati yenu."

Tukaangaliana.

"Mimi siye," akasema mtu wa mapovu. "Ndugu zangu nimeshawamaliza wote, sahani ya tano na sahani ya tisa."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye mlango wa jikoni, ule wenye kioo cha duara. Nikachungulia.

Meza ya nne alikaa dada yangu, amesuka nywele upya. Mbele yake alikaa mama, mkoba uko mapajani ameushika kwa mikono miwili, anaangalia dari kama mtu anayehesabu nyufa.

Nawaambia ukweli, nilitamani sakafu ile ya gharama ifunguke inimeze.

Nikamkimbilia mtu wa mapovu. "Ndugu yangu, nibebee sahani ya saba meza ya nne."

"Kwa nini?"

"Yule mama ndiye marehemu."

Akaacha kupiga mapovu. "Marehemu yupi?"

"Marehemu wangu!"

Alichungulia kwenye kioo, akarudi, akaniangalia kwa huruma halafu akaanza kucheka mpaka akashika meza. Huyo ndiye rafiki.

"Siwezi," akasema alipopata pumzi. "Nikisimulia kifo cha mama wa mtu mbele ya huyo mama mwenyewe, nitaharibikiwa maisha. Nina babu tayari."

Nikaenda kwa Mbunifu. Alikuwa ameinama na kibano, anapanga punje tano za ufuta juu ya kokoto.

"Bosi, leo naomba sahani ya saba ibebwe na mtu mwingine. Meza moja tu."

Hakuinua kichwa. "Marehemu wako, miguu yako."

"Tumbo linaniuma."

"Vizuri. Sauti itatetemeka. Miwani anapenda sauti inayotetemeka."

Hapo ndipo nilipokwama, wasomaji wangu. Nikisimulia, mama atasikia jinsi alivyokufa. Nisiposimulia, narudi barabarani kubisha hodi mlango kwa mlango kuulizia kazi, na safari hii hata wa kumuua sina.

Sahani zikaanza kutoka. Habari za meza ya nne zilinifikia vipande vipande, kila mtu aliyerudi akiwa na lake.

Sahani ya kwanza ni kokoto la moto lenye jani juu yake. Ni la kunusa tu, kumbukumbu ya mvua. Mama alikula jani, akauliza kama kokoto nalo linatafunwa au linarudishwa.

Sahani ya tatu inaitwa Ukimya. Ni sahani tupu. Mgeni anaitazama dakika nzima akiwaza aliowapoteza. Mama aliitazama dakika nzima, kwa heshima kabisa, kisha akamwita msimamizi na kumnong'oneza: "Mwanangu, mmesahau kuweka. Sikutaka kukuaibisha mbele za watu."

Sahani ya tano mtu wa mapovu alirudi ameshika kichwa. "Nimewapelekea hewa ya kitunguu. Nimesimulia babu yangu, ziwa, dhoruba, kila kitu. Mama yako ameniambia pole sana, halafu ameniuliza haya mapovu yamefua nini."

Ningekuwa mtoto wa mtu mwingine ningecheka.

Sahani ya saba ikafika. Nikadondosha matone yangu, vijiko viwili, leso mbili. Nikamwaga, nikaanza upya. Nikajikaza, nikasukuma mlango.

Dada aliniona wa kwanza. "Huyooo!"

Mama akageuka. Sura yake ikafunguka. Miaka miwili sikuwa nimekanyaga kwake, na bado alinitazama kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Baba, umekonda," akasema. "Hawakulishi hapa? Hata sisi hawatulishi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetuletea nini?"

Nikaweka vijiko mezani. Meza ya tano, hatua mbili nyuma yangu, nilisikia kalamu ya Miwani ikibonyezwa. Nikavuta pumzi.

"Hii ni supu ya viazi," nikasema. "Karibuni." Nikageuka niondoke.

Nikagongana na aproni nyeusi.

"Samahanini wageni wangu," Mbunifu akasema, mkono wake begani kwangu, vidole vimenibana hasa. "Huyu kijana hajamaliza. Uchungu bado mbichi. Kila siku anajaribu, siku nyingine maneno hayatoki. Niruhusuni nimsaidie."

"Bosi, tafadhali."

"Nyamaza, lia tu," akaninong'oneza.

Na akasimulia. Mimi ile hadithi nilimpa ikiwa na mistari minne. Kumbe tangu siku hiyo alikuwa akiitia chumvi kila wiki. Alisimulia chumba kidogo, mvua inanyesha, mama mgonjwa amelala, mtoto wake wa mwisho amepiga magoti kando ya kitanda amemshika mkono usiku kucha. Alisimulia mama anainuka kwa nguvu zake za mwisho, anapika supu, anamlisha mwanawe kijiko kimoja na kumwambia: "Kula, mwanangu, mimi nimeshiba." Alfajiri, akakata roho.

Mwanamke wa meza ya sita alianza kulia.

Dada yangu alikuwa ameacha mdomo wazi. "Mama gani huyo aliye..." Halafu akaguna, akashika mguu. Mama alikuwa amemkanyaga chini ya meza.

Mama alichukua kijiko. Akakitazama, akakiweka mdomoni, akasubiri.

"Haina chumvi," akasema.

Mbunifu akatabasamu. "Tumeiondoa makusudi, ili mgeni aongeze chumvi ya machozi yake mwenyewe."

"Ahaa. Na asiye na machozi?"

"Kila mtu ana mama."

"Hilo kweli," mama akasema. Akanitazama. Nimeshapigwa na mama nikiwa mdogo, nimeshafukuzwa nyumbani siku mbili, lakini sijawahi kutazamwa vile. Hakukuwa na hasira machoni mwake. Alikuwa ananisoma tu, kama barua iliyoletwa kwenye nyumba isiyo yake.

Halafu akasema kwa sauti ya kusikika na meza zote: "Mimi huyo marehemu nilimjua."

Mbunifu macho yakamtoka. "Ulimjua?"

"Sana tu. Tumekaa nyumba moja."

Miwani alishavuta kiti chake, yuko katikati ya meza ya nne na ya tano, daftari wazi. "Tuelezee, mama. Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa mpishi wa shule ya bweni miaka ishirini na sita. Watoto mia nne, asubuhi, mchana na jioni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupewa matone." Mtu mmoja akacheka kwenye kona. Mama hakucheka. "Hii supu alikuwa anatia chumvi, anatia na pilipili manga kidogo. Na hiyo habari ya 'mimi nimeshiba' si yake kabisa. Yule alikuwa anakula kwanza, tena anashiba, ndipo anapata nguvu za kulisha wenzake."

"Na mtoto wake huyu?" Miwani akauliza.

"Huyu? Huyu ni kitinda mimba. Alikuwa na mdomo mtamu tangu hajaota meno yote. Alivunja sufuria ya udongo akasema ni paka. Kwetu hatujawahi kufuga paka."

Aibu nilikuwa naisikia masikioni, inawaka. Mbunifu yeye alikuwa anatikisa kichwa polepole kama yuko ibadani. Hakuna alichokielewa.

Miwani akaegemea mbele. "Na alizikwa wapi, mama?"

Mama akaweka kijiko juu ya leso, taratibu, akainyoosha leso kwa kidole.

"Muulize mwanawe," akasema. "Mimi sikualikwa mazishini."

Ukumbi wote ukanigeukia. Dada alikuwa ananitazama, na machozi yake hayakuwa ya kulipiwa.

Nilichoka, wasomaji wangu. Kuna wakati mtu unauchoka uongo wako mwenyewe kama kiatu kinachobana.

"Hajazikwa," nikasema. "Hajafa. Ni huyu hapa. Nilidanganya ili nipate kazi. Mama, nisamehe."

Nikapiga magoti pale pale, kwenye sakafu ya kuteleza, na nikalia kwa sauti, kamasi na kila kitu.

Nikasikia friji ya vinywaji ikinguruma.

Halafu Miwani akapiga makofi.

Alianza yeye, ikafuata meza ya sita, mara ukumbi mzima umesimama. "Ajabu!" mtu akapaza sauti. "Marehemu alikuwa miongoni mwetu muda wote!" Yule mwanamke wa meza ya sita alimkumbatia mama, akamwambia ameigiza vizuri mno. Bwana mmoja akataka kupiga naye picha. Mbunifu, ambaye sekunde mbili kabla alikuwa rangi ya majivu, akaweka mkono kifuani na kuinama, mara moja, mara mbili.

Mama akasimama. Akajitoa mikononi mwa yule mwanamke kwa upole, akachukua mkoba wake, akapita katikati ya makofi akatoka nje. Dada akamfuata. Hakunitazama.

Nikainuka niwakimbilie. Mbunifu akanidaka mshipi wa aproni, akanivuta mpaka jikoni.

"Tangu lini una akili namna hii?" akanong'ona, jasho linamtoka. "Umemtoa wapi yule mama?"

"Ni mama yangu."

"Hivyo hivyo! Usitoke kwenye nafasi yako, nimeipenda."

"Bosi, sikiliza. Ni mama yangu wa kunizaa."

"Miwani anasema hajala kitu kama hiki maishani mwake. Anarudi Jumamosi na mhariri wake. Mama aketi meza ya nne, asubiri sahani ya saba, afufuke. Kesho saa nne asubuhi tunafanya mazoezi." Akaninyooshea kibano usoni. "Mlete. Usipokuja naye saa nne, aproni iache getini, usiingie ndani."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka mbio.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la duka la dawa lililo jirani, viatu amevivua, peke yake. Dada alikuwa ameenda kulitoa gari. Nikasimama mbele yake, sikujua mikono niiweke wapi.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Nilikufa na nini?"

"Mama..."

"Nauliza. Ni kifo changu, nina haki ya kujua."

"Moyo."

"Moyo." Akafikiri. "Afadhali. Na ulikuwa umenishika mkono?"

"Kwenye hadithi, ndiyo."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha."

Akatikisa kichwa, akaanza kuvaa viatu. Kamba ya kushoto ilimsumbua. Nikainama nimfungie, akausukuma mkono wangu.

"Mwaka juzi nililazwa siku tisa," akasema. "Kitanda cha karibu na mlango. Kila ulipofunguliwa nilikuwa nageuka. Nilijua tu, huyu atakuja, huyu wa mwisho ana huruma. Siku ya sita ukatuma ujumbe: ugua pole mama, kazi zimenibana. Nikamwonyesha muuguzi. Nikamwambia ona, amenikumbuka."



Gari la dada likasimama mbele yetu. Mama akainuka, akashika mlango.

"Sikuja mjini kula mapovu. Haya aliyapanga dada yako, tukae pamoja kwanza sote watatu kabla ya kesho. Kesho saa nne asubuhi natakiwa hospitali. Safari hii wanapasua."

"Wanapasua nini? Mama, mbona hamkuniambia?"

"Ndiyo nilikuwa nakuja kukuambia. Nilitaka nikuombe unisindikize mpaka pale mlangoni pa chumba chao, wanaposema ndugu waishie hapa."

"Nitakuja. Saa nne, nitakuja, naapa."

"Wewe usije," mama akasema. Aliingia, akapanga sketi yake vizuri kwenye kiti, akaweka mkoba mapajani. "Nitumie yule mwingine. Yule wa kwenye hadithi, aliyekaa na mama yake mpaka asubuhi. Yule ndiye ninayemtaka."

Akafunga mlango. Dada akaondoa gari.

Nilipogeuka, Mbunifu alikuwa amesimama mlangoni pa mkahawa, anacheka, ananionyesha vidole vinne.